Uzoefu wangu: nilivyonunua Hilux kwenye mnada wa hadhara Dar, someni masharti kwanza

Wakuu, mwezi uliopita nimenunua pikapu kwenye mnada wa magari chakavu ya taasisi moja ya umma hapa Dar, na kwa vile kabla ya kwenda nilihangaika sana kupata mtu wa kunielekeza, acha niwaelezee nilivyoona mimi, mazuri na mabaya.

Tangazo nililiona gazetini, orodha ndefu ya magari, pikipiki, mafriji mpaka viti vilivyovunjika, afu chini kabisa kwa maandishi madogo ndo kuna masharti, na hapo ndo wengi hawasomi. Jamani someni, mnada wote uko pale. Kwa kifupi yalisema mali inauzwa kama ilivyo mahali ilipo, ukishinda unalipa papo hapo amana isiyopungua asilimia 25 ya bei, baki unamalizia ndani ya siku 14, ukishindwa amana hairudi na gari linauzwa tena.

Hiyo "kama ilivyo" inamaanisha ukishanunua hakuna wa kumlalamikia. Wanatoa siku mbili za kukagua kabla ya mnada, mimi nilienda na fundi wangu, kuwasha haikuwezekana maana betri hakuna, basi fundi akachomoa stiki ya oili gari moja baada ya jingine. Ile Hilux niliyoipenda mwanzo, nyeupe, safi kabisa kwa nje, oili yake ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, yani maji yameingia kwenye injini, akaniambia hii achana nayo hata wakikupa kwa milioni tatu. Tukahamia ya pembeni yake iliyochakaa rangi, akalala chini akaangalia chesisi, tukalinganisha namba ya chesisi na ya injini na zile za kwenye orodha, zikakubali. Akapiga hesabu matairi, betri na breki kama milioni moja na laki nane, nikaandika kwenye karatasi kwamba mwisho wangu ni milioni 9 na nusu, nikaiweka mfukoni.

Siku yenyewe dalali alisoma masharti yote kwa sauti kabla hajaanza kunadi, na aliyetaka kuuliza akauliza, hapo nampongeza kwa moyo wote. Mwanzoni kabisa ilipita Land Cruiser, jamaa akanyoosha mkono mpaka milioni 21, nyundo ikapigwa, anaambiwa alete milioni tano na robo anaanza kupiga simu kwa ndugu zake. Wakamsubiri kidogo afu gari likanadiwa upya na yeye yuko pale pale anaangalia. Iliniuma kumuona vile. Kwa sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa kabla nyundo haijapigwa ruksa kujitoa, ikishapigwa biashara imekamilika, kwa hiyo mkono usinyooke kama hela haipo.

Kabla ya zamu yangu kuna mmoja wa wale wazoefu wa minada aliniita pembeni, akasema dogo tuachie hiyo Hilux, ile nyeupe hatutakupandia. Nikakataa. Ile nyeupe nilikuwa naijua tayari, na hata ingekuwa nzima, kupanga bei pembeni ni kuuibia umma, mali ya serikali inauzwa hadharani ili ipate bei yake halali.

Ikaanza milioni 5, ikawa inapanda laki mbili mbili, ilipofika 8 tukabaki wawili, moyo unanidunda, nagusa ile karatasi mfukoni. Nikasema 9.2. Mwenzangu akanyamaza. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, paa! Nikalipa 2,300,000 hapo hapo kwa kontro namba, yani ile namba ya kumbukumbu unayopewa kulipia malipo ya serikali, keshi haipokelewi na hilo ni zuri sana, hakuna wa kukuomba ya soda.

Sasa lawama yangu. Salio lilikuwa 6,900,000 na hela ninayo, lakini kontro namba ya salio nimeifuatilia siku tatu, mara mhasibu hayupo, mara mtandao uko chini, na zile siku 14 zinahesabika. Sio haki, kama siku zinambana mnunuzi basi na ofisi ziibane. Ningekuwa nimetoka Songea au Kigoma ningelala wapi muda wote huo?

Kingine ni namba za gari. Yangu ilikuwa STK, namba hiyo inabaki ya serikali, unaenda kusajili upya TRA kwa jina lako kwa hiyo tenga hela ya hapo. Ila zile za DFP, za miradi ya wafadhili, uliza kama ushuru umelipwa, maana nyingi ziliingia kwa msamaha wa kodi na ukinunua wewe raia kodi inakuwa yako. Mama mmoja tulikuwa nae kwenye foleni alishinda DFP kwa bei ndogo akafurahi, kumbe kwenye orodha pembeni ya gari lake iliandikwa wazi haijalipiwa ushuru, akarudi nyumbani kuomba ushauri kwa mumewe kabla siku hazijaisha.

Mimi nawapa nne kati ya tano, ile moja imeondoka na kontro namba. Gari liko Mbagala linabeba chakula cha kuku, breki zimeshafungwa, bado matairi mawili ya nyuma.