TAHADHARI: Muuzaji wa "bahari ya mezani" anayetia samaki aina ya kangaja kwenye tangi la futi mbili

Wapenzi wa samaki wa Nairobi, Nakuru, Eldoret na kwingineko bara, tafadhali msitume pesa kabla hamjasoma hapa. Kuna muuzaji anayezunguka mitandaoni na tangazo la "bahari ya mezani": tangi la kioo la futi mbili, filta ndogo ya kuning'iniza, taa ya bluu, mfuko wa chumvi, mawe mawili matatu, na kangaja wa samawati akiwa hai, vyote kwa KSh 18,000, boda anakuletea hadi mlangoni. Unalipa kwanza, kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Udhamini wa samaki ni saa 72. Simtaji jina kwa sababu ukurasa wake hubadilishwa jina kila malalamiko yanapozidi, na mkishika jina la leo, kesho atawapita. Shikeni maneno yake na vitu anavyouza, hivyo havibadiliki.

Neno lake kubwa ni hili: "Usijali, samaki hukua kulingana na tangi lake." Ni uongo, na naamini anajua kuwa ni uongo, kwa sababu ndio unaomwezesha kuuza samaki yeyote kwa mtu yeyote.

Nahudumia matangi ya maji ya chumvi hapa Mombasa, ya hoteli na ya majumbani, na kangaja huyu namfahamu. Ni yule mwenye mwili wa samawati, uso mweusi, koo jeupe na pezi la manjano mgongoni. Wataalamu humwita Acanthurus leucosternon. Ni wa Bahari ya Hindi, wa miamba yetu hii hii. Ukizamia pale mawimbi yanapovunjika juu ya matumbawe utamwona anavyoishi: hatulii. Anapita, anadonoa mwani, anapita tena, kuanzia asubuhi hadi jua linapozama, wakati mwingine katika kundi kubwa. Akikomaa hufikia sentimita 20 na zaidi. Kila upande wa mkia ana kisu chenye makali, na hukitumia akibanwa au akigombea mahali. Huyu ni samaki wa kuogelea, na hata miongoni mwa wafugaji wazoefu anajulikana kuwa mgumu.

Sasa pimeni tangi analouzwa nalo. Sentimita 60 kwa 30 kwa 30 ni lita 54 likijaa hadi ukingoni. Toa mchanga, mawe na nafasi ya juu, unabaki na lita arobaini na kidogo. Samaki wa sentimita 12 humo ana urefu wa miili mitano tu kutoka kioo hadi kioo, na mawe yamekaa katikati. Kangaja wa namna hii anataka tangi la futi sita, lita 400 na kuendelea, lililokaa na maji kwa miezi mingi kabla yake. Na hao wanaodumaa kwenye matangi madogo hawajazoea tangi. Wamedumaa kwa sababu maji ni machafu, mwani hakuna na hofu haikomi. Wengi hufa mapema, ndiyo maana watu hawawaoni wakiwa wakubwa na uongo ule unaendelea kuaminika.

Shemeji yangu wa Nairobi aliwanunulia watoto seti hii. Nilipofika nilikaa mbele ya kioo nikamtazama yule samaki. Alikuwa anakwenda na kurudi upande mmoja tu wa tangi, anapiga kona kabla mkia haujanyooka, mdomo umechubuka kwa kugonga kioo. Matamvua yanapiga haraka haraka. Kwenye mapezi ya ubavuni kulikuwa na madoa meupe kama punje za chumvi, na kila alipopita jiwe alijikuna ubavu. Tumbo limeingia ndani. Nikatoa sponji ya filta: nyeupe pe, haijashika chochote. Hapo nilijua maji yana sumu kabla sijapima. Kipimo cha amonia kikageuka kijani, wakati kilitakiwa kibaki manjano.

Nieleze kidogo hapa, kwa sababu ndipo ulipo mtego wa saa 72. Samaki hutoa amonia kila anapopumua na kujisaidia. Katika tangi lililokomaa, bakteria waliojaa kwenye mawe na filta huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo si kali vile. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga. Tangi lililojazwa maji leo na kutiwa samaki leo halina bakteria wa kutosha kumlinda, na maji ya bahari, kwa pH yake (kipimo cha uchachu wa maji) ya 8.1 hadi 8.4, huifanya amonia kuwa kali zaidi kuliko ilivyo kwenye maji yasiyo na chumvi. Siku tatu za mwanzo samaki bado anavumilia na sumu ndiyo kwanza inapanda. Mteja anamtazama, anafurahi, udhamini unakwisha.

Madoa meupe nayo yana kalenda yake. Ni kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans, na kangaja ni wepesi mno kukipata. Hukaa mwilini kwa samaki siku 3 hadi 7, kisha huanguka chini, hujifunga ganda, hugawanyika, na kutoka hapo huzuka watoto wengi wanaotafuta samaki wa kumshika. Baharini wengi wao hupotea. Ndani ya lita arobaini hakuna pa kupotea, na kila wimbi linalofuata humkuta samaki yule yule. Kwa hiyo siku ya pili madoa hayaonekani, ama ni machache na taa ya bluu inayafunika, na baada ya wiki moja au mbili samaki amefunikwa mwili mzima. Mteja akipiga simu anaambiwa, "Umemlisha kupita kiasi," halafu anauziwa mwingine kwa "bei ya mteja". Shemeji aliambiwa hivyo hivyo, neno kwa neno. Nimesoma ujumbe wenyewe, na nimesoma pia wa watu wengine waliouziwa. Kwa mtazamo wangu huyu hauzi akwaria. Anauza samaki wa kufa ili auze tena.

Chumvi ndiyo iliyonikasirisha zaidi. Mfuko hauna jina la kiwanda, umeandikwa kwa kalamu "marine salt". Ndani ni chumvi ya mawe ya kupikia, ile ile ya dukani. Maji ya bahari si chumvi ya mezani na maji tu. Yana magnesiamu, kalsiamu, potasiamu, salfeti na vitu vinavyoizuia pH isianguke. Chumvi ya jikoni ni sodiamu kloraidi karibu yote. Ukiiyeyusha na kupima uzito wa maji, yatasoma vizuri, lakini ukipima kalsiamu, ambayo baharini huwa kama miligramu 400 kwa lita, hupati kitu cha maana. Akwaria haiendeshwi kwa chumvi hiyo.

Halafu maji aliyokuja nayo samaki kwenye mfuko wa nailoni. Shemeji alikuwa amebakiza kidogo kwenye chupa. Refraktomita, kifaa cha kupimia uzito wa maji ya chumvi, ilisoma 1.016, ilhali bahari ni kama 1.025. Wauzaji wengine hushusha chumvi namna hiyo makusudi, ama huweka dawa ya shaba kidogo majini, ili vimelea vilale wakati samaki yuko kwao. Ukimhamisha ghafla kutoka maji mepesi kwenda mazito, mwili wake unapata mshtuko, na vimelea vilivyobanwa navyo vinapata nafasi. Kupandisha chumvi ni kazi ya siku kadhaa, kidogo kidogo. Yeye anawaambia watu, "Acha mfuko uelee dakika kumi, kisha mwage."

Jambo jingine la kumtambua: hujisifu kwamba samaki wake "wametoka Kisite moja kwa moja". Kisite, kule Shimoni, ni hifadhi ya taifa ya bahari na uvuvi ndani yake umekatazwa kabisa. Basi ama anadanganya, ama anajitangaza kuwa mwizi. Biashara halali ya samaki wa mapambo ipo Pwani kwa miaka mingi, wavuvi wake huzamia na nyavu za mkono na wana leseni. Muuzaji wa kweli haoni aibu ukimuuliza leseni.

Kabla ya kulipa, ombeni video ya samaki huyo huyo akila mwani, chini ya taa nyeupe, na tarehe ya leo ikiwa imeandikwa kwenye karatasi kando ya kioo. Ulizeni amekaa karantini kwa muda gani, maji yake yanasoma ngapi na yana dawa gani. Kisha mwambieni ukubwa wa tangi lenu. Muuzaji mwaminifu akisikia futi mbili atakataa kuwauzia kangaja, atawaonyesha samaki wadogo wanaokaa karibu na shimo lao, na atawaambia msubiri zaidi ya mwezi maji yakomae. Jibu hilo hakuna aliyelipata kwa huyu.

Aliyekwisha nunua, usimlaumu mtoto kwa chakula. Badilisha maji leo, sehemu ya nne au theluthi, kwa maji ya chumvi halisi ya akwaria yenye joto na uzito ule ule. Ongeza pampu ya hewa, maana maji ya chumvi yenye joto hubeba oksijeni kidogo. Mpe mwani mkavu usio na viungo. Usimwage dawa ya shaba kwenye tangi lenye mawe na matumbawe. Tiba hufanyika kwenye chombo cha pembeni. Na ukiwa Pwani, usimrudishe baharini, utapeleka magonjwa kwa waliosalimika. Mtafutie mtu mwenye tangi kubwa.

Hifadhini ujumbe wa M-Pesa, matangazo na mazungumzo yote, piga picha za skrini kabla hajafuta, kisha andikisheni kituo cha polisi mpate namba ya OB (kitabu cha matukio). Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na malalamiko ya wengi yana nguvu kuliko ya mmoja. Aliyeuziwa aniandikie kwa faragha, tunakusanya ushahidi upelekwe pamoja.

Kangaja wa shemeji yuko kwa rafiki yangu hapo Nairobi, kwenye pipa la lita 250 lenye filta iliyokomaa, na matibabu yanaendelea. Ameanza kula. Pipa ni la muda tu. Mwenye tangi la futi sita lililozidi mwaka, lisilo na kangaja mwingine, na aliye tayari kumpokea bila malipo, naomba anitumie picha ya tangi na vipimo vya maji.