Baiskeli ya Umeme ya Kukunja au ya Matairi Mapana?

Kwa mkazi wa Malindi anayependa kupiga kambi katika msitu wa Arabuko-Sokoke, baiskeli ya umeme ya kukunja ina faida moja kubwa: huingia kwenye buti ya gari bila shida. Hata hivyo, penye mchanga mwingi magurudumu yake madogo huzama, na mwenyewe hulazimika kushuka na kuisukuma pamoja na hema na dumu la maji. Ile ya matairi mapana, ikipunguzwa upepo kidogo, hupita juu ya mchanga huo kwa utulivu, ingawa kuipakia garini ni kazi ya watu wawili. Betri ya volti 48 na ampea-saa 15 hubeba nishati ya wati-saa 720, maradufu ya ile ya volti 36 na ampea-saa 10. Mimi ningechagua betri hiyo kubwa, nikiichaji nyumbani usiku wa kuamkia safari.