Difu loku ya nyuma kwenye pikapu: inalipa au hailipi kwa sisi wa Dodoma

Kila mvua zikikaribia, kuanzia mwezi wa 11 hivi, naulizwa swali lile lile na watu wanaotafuta pikapu ya mzigo, niongeze hela nichukue yenye loku ya difu ya nyuma au ya kawaida inatosha? Nimeendesha zote mbili miaka mingi kwenye njia za vijijini huku kwetu na jibu langu ni hili: kama njia yako ina makorongo na mawe ongeza hela, kama ni tope jeusi la mbugani nunua tairi kwanza, na kama gari yako inaishi kwenye lami usiongeze hata mia.

Tuanze na kazi ya difu, yani zile gia za katikati ya ekseli zinazopeleka nguvu kwenye tairi mbili, maana wengi wanalipia kitu wasichokijua. Gari ikikata kona tairi la nje linatembea safari ndefu kuliko la ndani. Chukua pikapu ambayo kati ya tairi na tairi kuna mita 1.5, ukigeuza gari ukaangalia ulikotoka, tairi la nje limetembea kama mita 4.7 zaidi ya la ndani, na hiyo haijalishi umekata kona pana au nyembamba. Bila difu kuziachia hizo tairi zitofautiane ungekuwa unazikwangua na unavunja ekseli. Ubaya ni kwamba difu ya kawaida inagawa nguvu sawasawa pande zote mbili, kwahiyo tairi moja likikosa pa kushika, yani liko hewani au kwenye utelezi, linazunguka kwa nguvu kidogo sana na mwenzake aliyekanyaga pakavu anapewa kidogo hicho hicho. Ndo maana unaona gari imesimama, tairi moja linapiga kelele, lingine limetulia kama halihusiki. Na foo wili, yani kuvuta kwa tairi zote nne, haikuokoi hapo, maana ukiwa umekaa mshazari linazunguka moja la mbele na moja la nyuma, gari iko pale pale. Loku inazifunga hizo mbili za nyuma ziende pamoja, basi, aliyekanyaga pakavu anasukuma.

Kuna Machi moja nilikuwa natoka Hombolo na kreti za zabibu, na anayebeba zabibu anajua zilivyo, zinavunwa mvua ikiwa bado inanyesha na hazikusubiri hata siku moja. Usiku maji yalikuwa yamekata njia, tairi la mbele kulia likaingia kwenye mfereji, la nyuma kushoto likanyanyuka likawa linaning'inia. Nikaweka foo wili gia ndogo, hakuna. Nikabonyeza loku, nikasubiri taa iache kupepesa, nikaachia klachi taratibu, gari ikapanda ikatoka. Nyuma yangu kulikuwa na pikapu nyingine foo wili nzuri tu isiyo na loku, yule kaka alikaa pale mpaka tulipomvuta kwa kamba. Siku hiyo loku ilijilipa, na kwa anayekwenda milima ya Mpwapwa au huko juu Kondoa ambako mvua inachimba njia, siku za hivyo ni nyingi.

Ila nikupe na upande wa pili, maana huu ndo wauzaji hawausemi. Kwenye udongo mweusi wa mbugani, kama uwanda wa Bahi, nilishawahi kufunga loku nikijua nimejiwekea kinga na gari ikaserereka mpaka mtaroni. Njia zile zimeinuka katikati zimeshuka pembeni, na tairi moja la nyuma likizunguka lile lililotulia linakuwa kama nanga linazuia mkia wa gari usiende pembeni, ukifunga loku yote mawili yanazunguka, nanga imekwisha, mkia unafuata mteremko. Tena usukani unakuwa mzito na gari inataka kwenda moja kwa moja hata ukikata. Pale tatizo sio difu, ni tairi limejaa udongo limekuwa laini kama chungu, na loku haitoi udongo kwenye meno ya tairi.

Kwahiyo kama ningepewa hela leo nizipange kwa mtu wa huku, cha kwanza kabla ya loku yoyote ni tairi za meno zenye uhai, kipimo cha upepo, kipampu kidogo, kamba nzuri na chepe. Mchanga wa korongo kavu unavukwa kwa kupunguza upepo, ukishusha kutoka psi 35 mpaka 18 au 20 na ukaenda taratibu bila kusimama, gari isiyo na loku inapita palepale yenye loku na tairi zilizojaa inapochimba kaburi. Ukitoka jaza upepo tena, usipande lami na tairi laini ukiwa na mzigo, utalipasua.

Cha pili ndo gari iliyotoka kiwandani na loku yake. Hapa usichague jina, chagua uzima. Land Cruiser 79 zipo zenye loku mbele na nyuma na hizo kwa njia mbovu sina cha kuongeza, isipokuwa bei yake inataka roho ngumu. Ranger nyingi za miaka ya karibuni zina loku ya umeme ya nyuma. Hilux za toleo lililotoka 2015 nyingi zinayo, ila jua jambo moja, kwenye nyingi ya hizo ukifunga loku ule mfumo wa breki unaokamata tairi linaloteleza unazimwa, hadi kwa matairi ya mbele, kwahiyo kuna sehemu gari inapanda vizuri zaidi loku ikiwa wazi, jaribu kwanza bila. L200 nazo uwe macho, ile swichi inayoandika 4HLc inafunga difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, sio ya nyuma. Nimeona watu wameuziwa "ina loku" na muuzaji akionyesha hiyo. Ya nyuma ina kitufe chake peke yake na matoleo mengine hayana kabisa.

Cha tatu ni foo wili isiyo na loku lakini ina huo mfumo wa breki. Unakamata tairi linalozunguka ili nguvu ihamie kwa mwenzake, unahitaji ukanyage mafuta bila woga mpaka uushtue, na breki zinachoka na kupata moto, ila kwa mtu anayekwama mara mbili tatu kwa mwaka inamtosha kabisa, hiyo hela nyingine akafanyie sevisi.

Kuna kufunga loku ya kununua, kama ARB ya upepo kutoka Australia. Vyombo vizuri mno, ila vinataka kompresa, mipira ya upepo, na fundi anayejua kupanga kraunwili na pinyoni, yani gia kubwa na ndogo za ndani ya difu, kwa vipimo, sio kwa kusikiliza sikio. Difu ikifungwa vibaya itavuma mwezi mmoja halafu itakula meno yake. Kama huna fundi wa namna hiyo uza gari ununue iliyonayo.

Pikapu ya kuvuta nyuma tu yenye loku naiweka chini kidogo lakini siidharau, kwa anayelima karibu na barabara kuu inamfaa na inakula mafuta kidogo, asiingie nayo mbugani mwezi wa 2 tu. LSD, yani difu inayobana tairi zisitofautiane sana bila kuzifunga kabisa, ni nusu ya safari, inabana kiasi kwa sahani za msuguano, inataka oili yake maalumu, na nyingi za mtumba sahani zimeshaisha zimebaki jina. Na kuchomelea difu kabisa, jamani hapana, unaharibu tairi, unavunja ekseli, na kwenye lami yenye mvua gari inaweza kukugeukia na watu wako ndani.

Nani asihangaike? Anayekaa mjini na safari zake ni Morogoro, Singida, Iringa au Kondoa mjini. Zote lami. Loku hairuhusiwi kufungwa kwenye lami, kwahiyo ungelipia kitufe usichokigusa mwaka mzima.

Sasa unapokwenda kuangalia gari ya mtumba usikubali taa ya kwenye dashibodi peke yake, mimi iliniuma, taa iliwaka vizuri kumbe mota ya loku ilishakufa. Ipeleke kwenye vumbi, weka gia ndogo, funga loku, kata kona ya nguvu mwendo wa kutembea kwa miguu. Ikishika utasikia gari inagoma na tairi za nyuma zinakwangua chini. Au zuia tairi za mbele kwa mawe, achia handibreki, piga jeki nyuma kote na weka stendi, usiamini jeki. Gia ikiwa huru, zungusha tairi moja kwa mkono, difu ya kawaida itageuza lingine kinyume, LSD nzima italipeleka upande ule ule. Ukifunga loku ile ya kinyume lazima iishe, ama yanakwenda pamoja ama yanagoma yote. Ukimaliza mwambie fundi afungue nati ya oili ya difu, ikiwa nyeupe kama maziwa maji yameingia.

Na ukishainunua, funga loku walau mara moja kwa mwezi kwenye vumbi hata kama hujakwama, maana hizo mota zinakufa kwa kutu ya kukaa bure. Kabla hujavuka korongo lenye maji pumzisha gari kidogo, difu yenye moto ikizamishwa kwenye maji ya baridi inavuta maji kupitia kwenye sili, na kale kampira ka kupumulia kalikoko juu ya difu kapandishe mpaka usawa wa bodi, ni kazi ya nusu saa.