Klachi ya Hilux Malindi: vipuri vidogo alivyovibuni fundi, na vile alivyokataa

Pikapu yangu ni Hilux ya dizeli, gia za mkono, na kazi yake ni kuleta maembe na nazi Malindi kutoka pande za Marafa na Mambrui. Njia za mchanga zinakula klachi. Ukinasa na mzigo, unakanyaga nusunusu mpaka ujinasue, na pleti inaungua humo humo. Yangu ilianza kuteleza: nikipanda baada ya daraja la Sabaki injini inalia, mwendo hauongezeki, kisha harufu ya kuungua inaingia dirishani. Pedali nayo ilikuwa inashika juu kabisa. Ikifika hapo hakuna la kukaza wala kulegeza, ni kushusha giaboksi.

Nilimpelekea fundi mmoja mtu mzima, gereji yake ni kiwanja tu na kivuli cha mkwaju. Vijana wake humwita ami, nami nikamwita hivyo hivyo.

Kuipata klachi yenyewe hakukuwa na shida. Presha pleti, klachi pleti na beringi yake huuzwa pamoja kama seti, na za Hilux hazikosekani mjini. Ami aliniambia nisilipe kabla ya kuweka pleti mpya juu ya kuukuu, nilinganishe upana na kuhesabu meno ya katikati. Yalikuwa 21 kwa 21, nikalipa shilingi 8,500. Flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa juu yake, ilikuwa imefanya madoa ya buluu kwa joto, ikapelekwa kwa mkereza chuma kusawazishwa uso.

Balaa likawa kwenye vidudu vidogo ambavyo haviji na seti. Gari la pwani, tena linalopita mara kwa mara kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, lina kutu hata pale jicho lisipofika. Klipu mbili za waya zinazoshika beringi kwenye uma, ule mkono unaoisukuma ukikanyaga pedali, zilivunjika zilipoguswa tu. Mpira wa kuzuia vumbi kwenye tundu la uma ulikuwa umebaki vipande. Bushi ya pedali imelika mpaka pini inacheza. Na kile kiberingi cha mwisho wa krenki, yaani shafti kuu ya injini, kinachoshika ncha ya shafti ya giaboksi, kilikuwa kinakwaruza ukikizungusha kwa kidole.

Duka la kwanza la spea liliniambia kiberingi hicho kiagizwe Mombasa, tena kwa bei ya kunishtua. Ami akakipangusa mafuta kwa kitambaa, akanionyesha namba pembeni: 6201. "Yakhe, hii si spea ya Toyota, hii ni beringi kama beringi nyingine. Nenda kwa mafundi wa pampu za maji." Kweli, namba hiyo dunia nzima ni milimita 12 ndani, 32 nje, na unene 10. Kwa fundi wa mota nilikikuta kwenye kopo, kipya, kimefungwa mpira pande zote mbili, shilingi 250.

Kukitoa cha zamani ndiko kulikonifurahisha. Kimekaa ndani ya shimo, huwezi kukishika kwa nyuma. Ami akatuma kijana boflo. Nilidhani ni la chai. Akalilowesha maji, akalishindilia kwenye tundu la beringi mpaka likajaa, akaingiza nondo laini inayoenea tundu sawasawa, akagonga kwa nyundo. Akaongeza mkate, akagonga tena. Mkate ukikosa pa kwenda unasukuma beringi kutoka nyuma, na ikatoka taratibu, nzima, bila mkwaruzo kwenye krenki. Kilichobaki ni kufuta uji wa ngano.

Klipu alizitengeneza kwa spoki ya baiskeli, akiikunja kwa koleo huku akilinganisha na kipande cha ile iliyovunjika. Mpira wa vumbi aliukata kwenye tyubu ya lori. Bushi ya pedali ilikerezwa kutokana na kipande cha nailoni kilichobaki kwenye kazi ya boti, na hadi leo pedali haichezi. Hata kifaa cha kuweka pleti katikati kabla ya kukaza ni kijiti cha mbao ngumu alichochongewa na wachonga vinyago, chembamba nchani, kinene kiasi cha kuenea meno ya pleti. Giaboksi ilirudi bila kupigana nayo.

Lakini kuna vitu hakutaka hata kuvijadili. Boli moja ya presha pleti ilikuwa imechakaa kichwa, kijana akaleta ya dukani ya kawaida, ikatupwa kando. Ilitafutwa yenye alama ya 8.8 kichwani, ya chuma kigumu, maana zile laini zinanyooka au kukatika huku mtu yuko barabarani. Na mipira ya silinda ya chini ya klachi, ile inayosukuma uma kwa nguvu ya mafuta ya breki, alisema haina mbadala. Hapo ndipo duka jingine liliponiudhi: silinda yangu imeandikwa 13/16, karibu milimita 20.6, wakanipa mipira ya 3/4 ambayo ni milimita 19, na muuzaji akaapa kwamba "itatanuka". Itatanuka kweli ukiipaka grisi ya kawaida, na ikitanuka hivyo imeharibika. Walikataa kurudisha pesa. Ya saizi sahihi ilikuja na basi kutoka Mombasa, na gari likalala gereji kuisubiri.

Kazi yenyewe alinitoza shilingi 4,000, mkereza wa flaiwili mbali. Gia zinaingia kwa kidole, kuteleza kumekwisha, na nimebeba maembe mchangani tangu hapo, ingawa ami alinizuia mizigo mizito kwa kilomita 500 za mwanzo ili pleti ikae. Mlio mdogo unasikika asubuhi nikikanyaga pedali, hutoweka injini ikipata joto. Anadai ni spoki zinakaa mahali pake. Sijui kama naamini.

Hana risiti, na akisema saa sita jua kwamba ni alasiri. Ukienda kwake, jinunulie mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4, chupa ambayo haijafunguliwa. Yeye anayo, lakini chupa yake hukaa wazi kwenye rafu, na mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa ya hapa. Kwa mtu aliyekataa boli ya kawaida, hilo lilinishangaza.