Panadol ya Chicago: uzoefu wangu na dawa ya kichwa ya kuchukua mwenyewe rafuni

Mimi si mfamasia, ni mtu wa kichwa tu. Nikikosa usingizi kinauma, nikichelewa kula kinauma, nikisafiri ndiyo usiseme. Juu yake nina vidonda vya tumbo, kwa hiyo aspirini, ibuprofen na Diclopar nilishakatazwa miaka mingi. Nimebaki na Panadol. Kila safari nabeba ya kutosha mkobani, na safari hii ya Chicago, mwezi wa pili, nikaiacha juu ya friji nyumbani Tabata.

Siku ya nne kichwa kikaanza kugonga alfajiri, upande wa kushoto, nyuma ya jicho. Mdogo wangu niliyefikia kwake alikuwa zamu ya usiku. Nikachukua kipimajoto chake bafuni, nikaweka kwapani, kikalia, nikasoma: 99. Nikakaa kwenye sinki la kuogea. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba Wamarekani wanapima kwa Farenhaiti, na kwamba 99 yao ni kama 37 na ushee yetu. Homa hakuna.

Nilipima kwa sababu. Ukitoka kwetu na ukapata homa ugenini, usianze kwa kuizima na vidonge ukalala. Nenda hospitali, na ukifika tu sema mwenyewe kwamba umetoka nchi yenye malaria, hata kama ni miezi kadhaa imepita. Daktari wa kule anaona mafua kutwa nzima, malaria si kitu cha kwanza kumjia kichwani.

Basi nikavaa makoti mawili nikaenda duka la dawa, mitaa miwili tu lakini masikio yalikuwa yanataka kudondoka. Jina la duka nitaliacha. Ni kubwa kama supamaketi: pipi, kadi za siku ya kuzaliwa, soksi, na huko katikati ukuta mzima wa dawa za maumivu. Tylenol, Advil, Aleve, na kila moja ina watoto na wajukuu: ya usiku, ya mgongo, ya hedhi, ya viungo, ya kuyeyuka mdomoni. Panadol sikuiona. Neno parasetamoli sikuliona popote. Na hakuna mtu. Kwetu unasimama dirishani, muuzaji anakuuliza kinauma wapi, umekula, halafu anakata vidonge vinne kwa mkasi, anavitia kwenye kibahasha na kuandika 2x3. Unaondoka hujui hata kampuni iliyotengeneza, lakini angalau umeongea na mtu. Hapa unaongea na boksi.

Nikainua boksi moja zuri lililoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni la kipandauso. Nikasema hili hili. Nilikuwa nakwenda nalo kulipa, nikaligeuza tu kutafuta bei. Nyuma kuna jedwali, herufi za sisimizi, na mstari wa kwanza unataja dawa iliyomo: acetaminophen miligramu 250, aspirini miligramu 250, kafeini 65. Aspirini! Tumbo langu lingenikumbusha wiki nzima. Nikalirudisha kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Hapo ndipo nikaona kaunta ya mfamasia, kule nyuma kabisa, watu wamepanga foleni na karatasi zao za daktari. Nilidhani ni kwa wenye karatasi tu. Hapana, ukiwa na swali unauliza, na hulipi. Nikamweleza kijana wa watu: nina vidonda vya tumbo, natumia parasetamoli, siioni. Akacheka kidogo akasema umeipita mara kumi. Acetaminophen ndiyo parasetamoli, na Tylenol ndiyo hiyo. Kitu kimoja, majina yote mawili yamekatwa kutoka jina moja refu la kikemia, Waingereza wakachukua vipande vyao na Wamarekani vyao. Kama Elizabeti: huku Eliza, kule Beti. Ibuprofen yenyewe inaitwa hivyo hivyo kote, na Advil ndiyo hiyo, kidonge cha miligramu 200. Aleve ni naproxen, ndugu yake. Zote mbili si za tumbo langu.

Akanionyesha pia chupa ya jina la duka lenyewe, iko pembeni ya Tylenol, rangi zinafanana kama pacha, na ubavuni imeandikwa uilinganishe na hiyo yenye jina. Vidonge 100 vya miligramu 500, dola 8 na senti. Yenye jina ilikuwa karibu mara mbili. Nikachukua ya duka, na sijaona tofauti yoyote kichwani mwangu. Baada ya kama dakika arobaini jicho likaacha kugonga.

Ila kuifungua! Kifuniko kinazunguka tu, krr krr krr, hakitoki. Nimejaribu kwa kanga, nimejaribu kwa meno. Shemeji aliporudi akaikandamiza chini kwa kiganja huku anazungusha, ikafunguka. Ni kuwazuia watoto wadogo wasiifungue, anasema. Kwa mtu mwenye kipandauso gizani ni adhabu. Chini ya kifuniko kuna karatasi ya rangi ya fedha iliyogandishwa mdomoni mwa chupa, na boksi lenyewe lilikuwa limegundishwa kila upande. Nikamuuliza shemeji, kwani ndani kuna dhahabu? Akaniambia habari ya hapo hapo Chicago, mwaka 1982. Mtu alitia sumu ya sianidi kwenye kapsuli za Tylenol zilizokuwa madukani, watu 7 wakafa, na mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa vifo hivyo. Tangu hapo dawa zao zinafungwa namna hiyo. Baada ya kusikia hivyo nikaacha kulalamika, na nikawa kila siku natazama ile karatasi ya fedha kana kwamba mimi ndiye mpelelezi.

Sasa kosa langu. Siku ya sita nikashikwa na mafua. Mchana nilikuwa nameza mbili kila baada ya saa sita, na chupa imeandika visizidi sita kwa siku. Yaani 2x3 yetu ile ile ya kwenye kibahasha, miligramu 3,000. Usiku mdogo wangu akaja na chupa ya maji ya kijani na kikombe kidogo. "Dada, kunywa hii utalala." Nilikuwa nimeshakishika kikombe. Tabia ya kugeuza boksi ilikuwa bado mpya, nikageuza: dawa ya kikohozi, dawa ya usingizi, na acetaminophen miligramu 650 kila kikombe. Vinaruhusiwa vikombe vinne kwa siku.

"Mdogo wangu, hii si Panadol ya maji?"

"Hapana, dada, ni ya mafua."

Tukachukua kalamu. Vidonge sita ni 3,000, vikombe vinne ni 2,600, jumla 5,600. Mwisho kwa mtu mzima mwenye afya ni 4,000 kwa siku, na mwenye ini bovu au mnywaji wa pombe anatakiwa ashuke zaidi, amuulize daktari. Ubaya wake, ini likiumia kwa dawa hii halipigi kelele siku ya kwanza. Unaweza kujisikia vizuri tu huku mambo yanaharibika. Nikachagua kimoja: usiku ule kikombe, vidonge nikavisimamisha. Mdogo wangu amekaa Marekani miaka kumi na moja na alikuwa hajui. Akaenda kabatini akatoa vyote, tukapanga mezani kimoja kimoja. Vinne vilikuwa Elizabeti.

Kwa huduma, yule mfamasia nampa nyota tano. Dawa nne na nusu, nusu nimekata kwa kile kifuniko. Duka lenyewe tatu, maana mtu asiyejua kuna wa kumuuliza kule nyuma anaondoka na lolote. Nikirudi nitanunua chupa ile ile, na majina halisi ya dawa yangu nimeyaandika kwenye simu, yote mawili. Kwa wanaopitia Dubai au Doha, jambo jingine la haraka: tramadol, ile dawa kali ya maumivu, na dawa zenye kodeini zinadhibitiwa vikali nchi za Ghuba, usizitupie kwenye begi hivi hivi bila karatasi za daktari na kibali.

Vidonge vilivyobaki nimerudi navyo. Mama alipoiona chupa akaiweka kabatini kwake. Nikamwambia ni Panadol tu, mama, ile ile ya shilingi mia tano hapo kwa Mangi.

"Hiyo ya kwa Mangi hainishiki," akasema. "Hii ya Amerika nilimeza moja tu, goti likatulia. Ila nifungulie, mwanangu."