Nimenunua mtamba Muheza, nyota 3 tu nawapa

Jina la shamba silitaji maana tumeshayamaliza, ila ni upande wa Muheza, wanauza mitamba, yaani majike ambao hawajazaa bado, chotara wa Friesian.

Sifa zao kwanza. Banda safi, sakafu ya zege haina tope, kila ng'ombe ana hereni na daftari lake, chanjo ya ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, kashapata na wanaogesha kila wiki, na hilo kwa huku pwani sio dogo jamani, mie kupe wameniulia ndama 2 mwaka juzi. Mtamba mwenyewe mpole, chuchu 4 zimekaa vizuri, nikamshika kiwele wala hakurusha teke. Nikauliza na kama kazaliwa pacha na dume, mzee akacheka, "we mtoto wa mfugaji kweli", maana jike wa hivyo mara nyingi hashiki mimba maisha, utamlisha bure. Akasema kazaliwa peke yake.

Sasa shida. Niliambiwa ana mimba ya miezi 5 na bei ikapandia hapo, milioni 2 na laki 2, wakati asiye na mimba walikuwa wanauza milioni 1 na laki 6. Mama yangu, ambaye wa kwake alimpata enzi zile za kopa ng'ombe lipa ng'ombe, alishaniambia nimlipe kwanza daktari atie mkono apime mimba ndio nimlipe mwenye ng'ombe, mie nikaona mambo ya kizamani hayo. Nikapiga hesabu, ng'ombe miezi 9, bado 4 nakamua, nikanunua na mashudu kabisa!

Wiki ya 6 alfajiri nasikia analia hanyamazi, natoka na tochi namkuta kampanda mwenzie mgongoni, ute kama wa yai bichi unaning'inia nyuma unametameta. Mwenye mimba gani huyo anatafuta dume? Jioni mhamilishaji, yule wa kupandisha kwa mbegu za chupa, akaja, akavaa glovu mpaka begani, akaingiza mkono, kimyaa, halafu "kaka hapa hamna kitu". Akampandisha hapo hapo.

Kuwapigia wenyewe, eti labda mimba ilitoka njiani kwenye gari, mara kijana wa zamu ndio aliandika vibaya. Tumevutana wiki 2 nzima mpaka wakarudisha laki 4 na hela ya mbegu. Laki 2 yangu imeliwa, basi.

Siku 21, ndio muda wa ng'ombe kurudia kutafuta dume kama hajashika, zikapita kimya, 21 nyingine kimya, juzi kapimwa ana miezi 3 na safari hii nilisimama hapo hapo naangalia.

Usafiri ni kirikuu, elfu 60 mpaka Pongwe. Dereva alimwaga mchanga na majani chini asiteleze na kila kilima anapunguza mwendo anachungulia nyuma. Hiyo nyota ya 3 ni ya dereva.