Mafuta ya mgando ya bei chee, kwa baridi hii ya Mbeya nayapa tisa kwa kumi

Jamani nyie wa Dar mkisikia Mbeya baridi mnadhani tunajidai, njooni Juni au Julai mlale hata Uyole tu ndo mtajua, lipsi zinapasuka ukicheka, miguu imepauka kama ya mtu katoka kufyatua tofali. Sasa watu wanakimbizana na losheni za elfu ishirini wakati duka la dawa lolote Mwanjelwa kuna kopo la mafuta ya mgando, bei yake chipsi kavu. Nayapigia debe na sijalipwa na mtu.

Ila wengi mnayapaka vibaya halafu mnalalamika. Haya mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi, yanayafunika tu yaliyopo yasitoke, kwa hiyo ukipaka ngozi ikiwa kavu kabisa umefunika ukavu wako. Oga, jifute nusunusu, paka ukiwa bado na unyevunyevu, kidogo tu, yapashe kwanza viganjani.

Kwenye magaga ndo nayakubali zaidi. Usiku loweka miguu maji ya uvuguvugu, sugua na jiwe, paka ya kutosha, vaa soksi ulale, fanya hivyo mfululizo uone kama kisigino kitakwaruza shuka tena. Yakichanika mpaka damu hiyo ni ya hospitali. Lipsi nazo, yanazishinda zile lipubamu za ladha ya stroberi, maana utamu unakufanya ulambe na kulamba ndo kunazidi kukausha.

Ukipaka piko kichwani zungushia kwanza kwenye paji la uso na masikio, rangi haishiki ngozi. Pafyumu, paka kidogo shingoni ndo upulizie, harufu inakaa. Nyusi zilale, maskara itoke na pamba (fumba macho we dada), mfuniko wa rangi ya kucha usigande, yote hayohayo.

Moja nililokata ni la usoni mchana. Kiangazi na vumbi letu hili ukitoka umeng'aa unarudi na barabara nzima usoni. Halafu hayakingi jua, na jua la huku juu ni kali hata kama umevaa sweta. Na hayatakatishi, maana naulizwa sana hilo.

Mmarekani Robert Chesebrough aliyachukulia hataza mwaka 1872 akayaita Vaseline, inasemekana aliona wafanyakazi wa visima vya mafuta wanapaka ute wa kwenye mitambo yao wakiungua. Nyie msiwaige, ukiungua sasa hivi ni maji ya bomba kwanza, mafuta yanafungia joto ndani.

Mkinunua chukueni yasiyo na harufu, hasa kama na mtoto atapakwa, yale yenye manukato makali ngozi nyingine inawasha. Na chota na kidole kisafi au kijiko, kopo la familia nzima linaingiwa mpaka na unga wa ugali.